Naomba ushauri: "mbona" nimfundishe mgeni lini?

Wenzangu, naandaa masomo ya wageni wanaoanza Kiswahili hapa Mombasa. Kinachowatatiza ni maswali yasiyouliza. Zoezi langu: wasikie swali, kisha waseme linataka nini, yaani habari, kitu, adabu tu, au halitaki jibu kabisa.

"Unashukia wapi?" la makanga ni jepesi, linataka mahali. "Una chenji ya mia mbili?" haliishii kwa "ndiyo", linataka pesa mkononi. "Habari za nyumbani?" hujibiwa "nzuri" kwanza hata kama kuna mgonjwa; ya ugonjwa hufuata. Mgeni huanza na homa yake pale pale mlangoni, salamu ikakwama.

Kisiki ni "mbona". "Kwa nini hukuja?" laweza kutaka sababu tu, ila "Mbona hukuja?" lina mshangao au lawama ndani yake. Halafu mwenye nyumba akisema "Mbona huli?", anakukaribisha, hachunguzi tumbo lako!

Je, niifundishe sambamba na "kwa nini", au ningoje wazoee kusikiliza sauti ya msemaji? Na mwenye mazungumzo mafupi ya sokoni, kama ya Kongowea, yenye "mbona" za aina zote mbili, naomba aniwekee hapa.