Magugu maji ya ziwa yanaweza kutoa nanoselulosi?

Ng'wana Igombe
Wakuu habari za jioni. Nipo Igombe hapa Mwanza, kila siku naona mitumbwi inavyohangaika kupita kwenye magugu maji mpaka roho inauma. Nimesikia yana selulosi, zile nyuzi za mimea, ukiichakata unapata nanoselulosi ya kutengenezea vifungashio, nikawaza si tungefungia samaki? Niyachemshe na asidi ya betri au vipi? Anayejua kemia anisaidie, niko siriazi.

Fundi Maabara
Mkuu, asidi usiguse nyumbani kabisa. Selulosi ni mnyororo wa glukosi, yaani sukari, sasa ile minyororo kuna mahali imejipanga vizuri kama fuwele na kuna mahali imelegea, asidi ya salfuriki inakula palipolegea kwanza, vinabaki vijiti vya unene wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), hivyo ndo nanoselulosi, na inaviachia chaji hasi ndo maana vinasukumana majini havigandani. Maabara wanatumia asidi ya asilimia 64 hivi, joto nyuzi 45, dakika kama 45, ukizidisha inageuka sukari. Ya betri ni kama nusu ya hiyo, haitoshi, na hiyo ya 64 inaunguza ngozi vibaya mno. Halafu kabla ya yote unatoa lignini na hemiselulosi, yale mengine yanayoshikilia selulosi kwenye mmea, kwa kostiki soda na unapausha. Na magugu karibu asilimia 95 ni maji! Tani nzima ukianika unabaki na kilo 50 hivi, selulosi humo ni robo au pungufu.

Mama Dagaa
Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, wakikaa muda wanabadilika harufu. Hicho kifungashio cha nanoselulosi kitasaidia?

Fundi Maabara
Mama umeuliza la maana sana. Mafuta ya dagaa yanaharibiwa na oksijeni, na utando wa nanoselulosi ukiwa mkavu unazuia oksijeni vizuri. Ukilowa unavimba, unapitisha, kwahiyo sato wa barafu hapana, ila dagaa wakavu ndio, mradi juu pawe na tabaka lingine la kuzuia unyevu.

Mkulima Magu
Mbona hamjataja pamba? Karibu asilimia 90 ni selulosi na lignini hamna, mabaki ya viwanda vya kuchambulia huku kwetu yapo.

Ng'wana Igombe
Asanteni sana. Basi asidi naacha, magugu nitayaponda nijaribu karatasi ya kawaida kwanza. Mkulima, mabaki hayo kiroba kimoja naweza kupata?

Mkulima Magu
Njoo Jumamosi.