Makocha wa gofu, acheni kutukaririsha "inamisha kichwa" na mtueleze kwa nini mpira unapinda kulia

Ndugu wanajukwaa,

Nimevumilia vya kutosha. Watu wazima wanalipa fedha zao kwa saa ili wafundishwe kupiga mpira wa gofu, na wanachopewa ni maneno matatu ya kukariri, "inamisha kichwa, nyoosha mkono wa kushoto, piga taratibu", kisha wanaachwa wamalize ndoo nzima ya mipira inayoishia vichakani.

Tatizo la wanaoanza wengi linajulikana: kwa anayetumia mkono wa kulia, mpira unaondoka vizuri, halafu unapinda kulia hadi kwenye miti. Kocha akiulizwa dawa yake, humwambia mwanafunzi asimame akielekea kushoto zaidi. Sijasikia ushauri mbovu kuliko huo. Mpira huanza safari karibu na upande ambao uso wa fimbo, yaani sehemu inayogonga mpira, umeelekea wakati wa kugusana, kisha hupinda kwa sababu ya tofauti kati ya uelekeo wa uso huo na njia ambayo fimbo inapita. Mtu akigeuza miguu na mabega kushoto huku uso wa fimbo ukibaki ulivyokuwa, njia ya fimbo inahamia kushoto pamoja naye, ile tofauti inaongezeka, na mpira unapinda kuliko mwanzo. Mashine za rada zimepima jambo hili kwa miaka mingi, lakini bado tunafundishwa kinyume chake, tena kwa bei ileile.

Mara nyingi pa kuanzia ni mshiko. Mikono ikigeuzwa kidogo kulia juu ya mpini, kiasi cha mchezaji kuona vifundo viwili au vitatu vya mkono wake wa kushoto anapotazama chini, uso wa fimbo hujifunga, yaani hugeukia kushoto, kwa urahisi zaidi. Hilo lingeelezwa siku ya kwanza, kwa dakika chache.

Na hicho kichwa! Wachezaji wa kulipwa Annika Sörenstam, aliyemaliza raundi ya mashimo 18 kwa mikwaju 59 tu mwaka 2001, na David Duval, aliyetwaa The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka huohuo, walikuwa wakigeuza kichwa kuelekea shabaha mapema, sambamba na mzunguko wa mwili. Mpira hukaa kwenye uso wa fimbo kwa takriban nusu ya elfu moja ya sekunde tu. Anayeng'ang'ania kubana kidevu kifuani baada ya hapo anazuia mabega kuzunguka, uzito wake unabaki mguu wa nyuma, na kazi ambayo ingeanzishwa na nyonga inaachiwa mikono. Akigonga mpira kwa juu, anaambiwa ameinua kichwa, ingawa mara nyingi alikuwa akijaribu kuunyanyua mpira hewani, jambo ambalo mwinamo wa uso wa fimbo unalifanya wenyewe iwapo fimbo ya chuma itaugonga mpira ikiwa bado inashuka.

Kinachoniudhi kupita yote ni kwamba mwanafunzi akishindwa baada ya mafunzo ya namna hii, huambiwa hana kipaji, au mwili wake haufai, kwa kuwa haufanani na picha ya mchezaji wa kulipwa aliyoonyeshwa kwenye simu. Jim Furyk huipandisha fimbo kwa mzingo ambao hakuna kocha angethubutu kuufundisha, na bado alishinda mashindano makubwa ya U.S. Open mwaka 2003, kisha mwaka 2016 akamaliza raundi kwa mikwaju 58 tu, kwa sababu uso wa fimbo yake unafika kwenye mpira ukiwa umeelekea panapotakiwa.

Ninadai jambo moja. Kabla ya kupokea ada ya saa ya pili, kocha amweleze mwanafunzi, kwa maneno yanayoeleweka, uso wa fimbo ulielekea wapi na fimbo ilipita njia ipi katika pigo lililoharibika. Asiyeweza kueleza hayo arudishe na ada ya saa ya kwanza.