Huyu fundi amefutia oili ya giaboksi kwenye sweta la mwanangu, na bado anadai hela!

Wakuu, naandika huku natetemeka. Simtaji jina. Kila mwenye gari la otomatiki upande huu wa mji anamjua: yule yule wa chini ya mkungu, mwenye kiti cha basi anachokalia kama sultani.

Gari ni Toyota Hilux Surf KZN185 ya mwaka 1997, dizeli, injini 1KZ-TE. Tangu Alhamisi ukiweka D, ya kuendea mbele, linaondoka kama limebeba tani kumi za kokoto. Linaguna, moshi mweusi tii, hadi muuza madafu na baiskeli yake ananipita. Taa ya O/D OFF, ile ya gia ya juu kwenye dashibodi, inapepesa tu. Ukivuta mpaka L, ya gia ya chini kabisa, linachomoka vizuri kabisa. Leo asubuhi nikampelekea.

Hakuwasha gari. Narudia, HAKUWASHA GARI! Kafungua boneti, kachomoa kijiti cha oili ya giaboksi, injini ya baridi, kaangaza tambara hakuliona, kapitisha mkono dirisha la nyuma, kavuta sweta la shule la mwanangu, kafutia. Sweta la bluu lenye nembo kifuani, na sasa juu ya nembo kuna doa jekundu ukubwa wa chapati. Kesho Jumatatu! Kanusa kijiti, katamka: "Giaboksi imekufa. Andaa milioni mbili na laki nane nikutafutie ya Japani." Hata maiti hupimwa mapigo kwanza. Na mtoto kasimama pale pale, anaangalia sweta lake.

Oili ya giaboksi hizi inapimwa ikiwa ya moto, injini inanguruma, umeshapitisha gia zote toka P mpaka L na kurudi. Yeye kapima ya baridi, gari limezimwa, kwa sweta.

Nimerudi nyumbani kwa L, mwendo wa maharusi. Binamu yangu fundi umeme kaja na kipande cha waya, kaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha kusomea makosa chini ya boneti, kafungua swichi bila kuwasha injini, tukahesabu taa ile ya O/D OFF inavyopepesa: sita, mbili. Sita, tatu. Kodi 62 na 63, yaani solenoidi namba moja na namba mbili, zile vali za umeme zinazobadilisha gia. Zife zote kwa mpigo? Kaingia uvunguni, kakuta soketi ya waya za giaboksi imelegea na imejaa tope. Kasafisha, kabana, gia zote nne zimerudi. Elfu kumi na tano na soda moja.

Na sasa hivi, naandika hapa, meseji inaingia: anadai elfu thelathini "ya kuangalia". Kaangalia nini? Sweta?

Dizeli Mzee: Pole mkuu, ila na wewe unazingua. Ungechomoa hiyo soketi ya solenoidi ukaendesha mwenyewe: L inakupa gia ya kwanza, 2 inakupa ya tatu, D inakupa ya nne. Zikija hivyo giaboksi ni nzima, tafuta waya. Umekaa na Surf miaka yote hiyo hulijui hilo?

Kokoto: Dirisha la nyuma uliliacha wazi la nini kwa mtu kama yule?

mtu_wa_pwani: Yule yule! Mimi aliniambia giaboksi imeisha, nikauza gari kwa bei ya mbuzi. Aliyenunua ananipita kila asubuhi na honi ananipigia.

Baba Wawili: Fundi wangu alivuta kebo ya kikidauni, ile itokayo kwenye mafuta kwenda giaboksi, mpaka gia zikawa zinachelewa na kuingia kwa kishindo, halafu akasingizia klachi za ndani. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho, kile kizuizi kilichobanwa kwenye kebo kinatakiwa kibaki na nafasi ya milimita 0 hadi 1 toka mwisho wa ganda lake. Yeye kaivuta kama anaanua nguo.

Gia Tano: Nunueni manyuo, gari la gia za mkono, mpumzike.

Baba Wawili: Manyuo uliyopanda nayo kilima ikakurudisha kinyumenyume ndiyo unaisifia hapa?

Mama Rehani: Kaka, usiloweke hilo sweta. Pakaa sabuni ya vyombo likiwa kavu, sugua taratibu, acha nusu saa ndipo utie maji.

Mleta uzi: Dada nimeshapakaa mara mbili, doa limekuwa la waridi. Mtoto ananiuliza kesho atavaa nini. Mtu ana tambara mfukoni mwake mwenyewe, nimeliona linaning'inia wakati naondoka, na bado alichagua sweta!

Kokoto: Kumbe tambara lilikuwepo!! Hiyo sasa ni dharau.

Mama Rehani: Mpelekee fundi nguo akubandikie nembo mpya.

Asha wa Kona: Fundi nguo gani? Wangu ana gauni langu tangu Pasaka. Jumamosi nimemkuta mke wake kalivaa msibani.

mtu_wa_pwani: Mwenye cherehani mbili barazani?

Asha wa Kona: Huyo huyo!

Dizeli Mzee: Ana suti yangu ya harusi huyo. Harusi imepita, mtoto anatambaa.

Gia Tano: Mimi kanipunja mita nzima ya kitenge, nikimuuliza anasema kitambaa kimerudi baada ya kufuliwa. Tuanze na huyu kwanza, nani anajua anafungua saa ngapi?