Naomba ushauri: kazi kwenye boti ya kuvulisha watalii

Wakuu, shikamooni. Mimi ni wa Kyela, nimekulia Matema nikivua mbasa na baba Ziwa Nyasa. Nimepata kazi ya ubaharia kwenye boti ya watalii wanaovua kwa fimbo upande wa Mafia, safari za kulala baharini. Mawimbi siyaogopi, upepo wa mwera wa Nyasa tunaujua. Jodari najua hutolewa damu na kuwekwa kwenye barafu papo hapo, maana mwili wake una joto na nyama huharibika upesi. Ila sulisuli anayerudishwa majini akiwa hai, na ule mdomo wake mrefu uliochongoka, mnamshikaje bila kuumia? Zamu za usiku zikoje? Samaki ni wa mteja au mnagawana? Mama ana wasiwasi sana, nataka nimjibu kwa uhakika.