Prodyuza anataka niache ilimba nishike gitaa, wadau naombeni ushauri

Mleta uzi:
Habarini wakuu. Mimi msanii wa andagraundi hapa Dar, natunga na kuimba mwenyewe huku napiga ilimba, ile ala ya Kigogo ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, babu ndo alinifundisha. Mchana niko gereji, wikiendi napiga hoteli moja ya ufukweni elfu thelathini kwa usiku. Nimejichanga nikaingia studio, prodyuza kaweka biti, nimepiga kidogo kasimamisha, ananiambia dogo hiki kitu hakiko kwenye kii, kityuni kifate kinanda au shika gitaa tumalize. Nikakesha nasukuma vyuma kimoja kimoja mpaka vikafata kinanda ila kuimba nikashindwa, mashairi yangu yote nimeyatungia kwenye ile sauti ya babu. Mwaka wa sita huu nahangaika, nimechoka kwa kweli. Nibadilishe au nikomae?

Mdau 1:
Usibadilishe mkuu. Ilimba haijakosea, Wagogo wana mpangilio wao wa sauti na kuimba wanaimba humohumo, kinanda ndo hakifiki. Mi narekodi watu, fanya hivi, ilimba na sauti vitangulie, biti ije baadae, ngoma na besi tu, tena besi ndo prodyuza aivute ifate ilimba. Na ule mvumo wa utando wa buibui kwenye tundu asiukate, wengi wanadhani ni kelele za maiki wanausafisha.

Mdau 2:
Wa Dodoma hapa. Mzee Hukwe Zawose (alifariki 2003) ilimba na zeze hizihizi zilimfikisha lebo ya Real World kule Uingereza, na mwanae Msafiri 2017 katoa albamu kachanganya Kigogo na vyombo vya umeme, imetoka vizuri sana. Tafuta fundi akuchongee ya pili hiyo ndo utyuni utakavyo, ya babu iache jamani.

Mdau 3:
Tamasha la Sauti za Busara Zanzibar wanataka laivu, pleibeki hawataki kabisa, we ndo mtu wao. Inafanyika Februari ila maombi yanafungwa mapema sana, rekodi video moja safi unapiga laivu. Nyimbo kasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaachia. Gereji usiache kwanza.

Mleta uzi:
Asanteni mno, mmenitoa mbali. Jana nimevirudisha vyuma vya babu, kwenye mbao kulikuwa na mikwaruzo pale vilipokaa miaka yote ndo ikaniongoza, kimoja kikawa bado kiko juu nikabandika nta kidogo kwa chini kikatulia. Mdau 1 nimekutumia meseji inboksi, naomba bei ya studio yako.