Ukoo wa Bibi Mwanamvua, Pongwe

*Jumapili*

Zuhura, 20:14: Asalaam aleikum. Mama Nuru, hii picha Nuru anakata keki ni ya leo? Flashi iliwaka?

Mama Nuru, 20:31: Waaleikum salaam wifi. Ya leo hii.

Zuhura, 20:32: Ikuzeni wote. Jicho la kulia mboni nyekundu, hiyo ni kawaida ya flashi. La kushoto nyeupe pee. Nimetafuta na ile ya Idi, vilevile.

Jumaa, 20:40: Mimi nimekuza keki 😂 kipande changu kiko wapi?

Shangazi Mwanaasha, 20:41: 😂😂 Na ubwabwa wote ule uliokula?

Zuhura, 20:45: Jumaa, tafadhali. Weupe huo unaweza kuwa mtoto wa jicho, unaweza kuwa saratani ya retina, ule utando wa nyuma ndani ya jicho. Inaitwa retinoblastoma. Huwapata zaidi watoto chini ya miaka 5. Mwanzoni mara nyingi haiumi, mtoto anacheza tu. Ikiwahiwa anapona, pengine hata jicho likaokolewa. Ikiachwa inaua.

Mama Nuru, 20:52: Ana kengeza kidogo tangu Ramadhani. Nikaambiwa ni urembo.

Zuhura, 20:53: Kengeza nalo ni dalili, wifi. Halafu baba yake ana jicho moja tangu utotoni. Ugonjwa huu unaweza kurithiwa. Mzazi mwenye hitilafu kwenye jeni ya RB1, kila mtoto wake ni nusu kwa nusu kuipata. Idrisa, upo?

Shangazi Mwanaasha, 20:59: Idrisa hakuugua. Alitobolewa na fimbo ya Salum pale mwembeni. Kila mtu anajua.

Salum, 21:03: Kila mtu ndiyo nani?

Salum, 21:03: Miaka yote nikija msibani napewa mgongo. Sikumgusa Idrisa.

Shangazi Mwanaasha, 21:05: Nilikuwepo.

Salum, 21:05: Shangazi, ulikuwa Muheza.

Jumaa, 21:06: Basi jamani, mtoto kakata keki leo 🎂

*Jumatatu*

Rukia, 06:48: Bibi nimemsomea yote. Kasema niandike hivi: "Jicho la Idrisa lilikuwa likiwaka kwenye koroboi kama la paka, kabla ya siku ya fimbo. Nililiona nikimwogesha. Marehemu babu yenu akaniambia ninyamaze, nikanyamaza. Salum mjukuu wangu, hukutoboa jicho la mtu. Nuru aende hospitali."

Zuhura, 09:20: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

Shangazi Mwanaasha, 11:37: Sawa Mama.

Zuhura, 11:40: Basi ni hospitali ya CCBRT, Msasani, Dar. Watamtia dawa ya kupanua mboni, na kwa umri wake huenda wakamlaza usingizi ili waone nyuma ya jicho vizuri. Ndugu yake Abuu naye aje, hata kama macho yake mazuri. Idrisa awaeleze daktari habari ya jicho lake, asiseme fimbo. Nauli na pa kulala nani anachangia?

Jumaa, 13:15: Mwisho wa mwezi inshallah.

Zuhura, 13:16: Uvimbe haungoji mshahara, Jumaa.

Salum, 15:02: Gari ninayo. Jumatano alfajiri naweza kuwapeleka Dar. Ila Idrisa anipigie mwenyewe.

Ami Kombo, 18:26: Ndiyo nafungua simu. Mwana ana homa?

Zuhura, 18:30: Ami, soma juu. Mama Nuru, kadi ya bima iko wapi?

Mama Nuru, 19:11: Anayo baba yake. Simu inaita tu, hapokei.