MREJESHO: Simu ya mama imefunguka

Wakuu, niliomba msaada wa simu ya mama: alisahau patani, mdogo wangu akairiseti kwa vitufe, vyote vilivyokuwemo vikafutika, ikawaka ikidai akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo. Jana usiku imefunguka! Mlionizuia nisiipeleke kwa fundi, Mungu awabariki. Laini yake niliihamishia kwenye kitochi, nikarejesha akaunti kwa laptopu ya nyumbani ambayo mama aliwahi kuitumia. Namba sita za uthibitisho zikaingia kwa meseji. Nikabadili nenosiri, nikasubiri saa 24, ndipo nikaliandika kwenye simu. Majina yote yamerudi, mama kapiga simu mpaka kwa shangazi. Picha za marehemu baba hazikuhifadhiwa kwenye akaunti, hizo zimepotea. Imeniuma sana.